Jina la Aliyekataa Mezani

Mwanangu Nyemo,

Salamu naziruka. Tunaishi nyumba moja, na asubuhi ulipita jikoni ukasema "shikamoo, baba" bila kusimama, nami nikaitikia nikiwa nimeinamia birika. Kwa siku sita ndivyo tulivyosalimiana. Sasa ni saa kumi alasiri, umekwenda Aston kuaga rafiki zako, na kwa kuwa leo kuna mpira huko, treni zitajaa na utachelewa kurudi hapa Erdington. Nina muda wa kuandika barua hii na kuisoma tena kabla hujaingia. Naiandika kwa Kiswahili makusudi. Kiswahili unakisoma polepole, nami nataka isomwe polepole.

Kuhusu koti, chakula, funguo na namna ya kuishi na wapangaji wenzako London, mama yako amekwisha kusema yote, mengine mara tatu. Sina la kuongeza. Mimi nadaiwa jibu moja tu. Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, uliniuliza swali mezani, nikainuka nikaacha chakula.

Nianze na lile lililotokea, maana mwandishi anayeruka mwanzo ana la kuficha. Ulikuwa unatueleza kazi yako mpya serikalini. Ulisema, "Nitakaa kwenye kona ya chumba, baba. Mawaziri wanaongea, sisi tunaandika muhtasari." Nikakujibu kwamba sikukulea uende kuwaandikia mawaziri. Nikasema muhtasari wa mawaziri ni blanketi, huwafunika wote sawasawa, aliyetaka na asiyetaka. Nilijiona nimesema vizuri. Ndipo ukaweka uma chini, ukauliza kwa Kiswahili, wewe ambaye ukikasirika huhamia Kiingereza:

"Yule bibi wa Moseley, baba. Ulimsahihishia?"

Mama yako akaitazama sahani yake. Mimi nikasema safari yako ya kwenda stesheni nisihesabiwe, nikapanda juu. Tangu siku hiyo sanduku lako kubwa liko chumbani kwako, na mama yako ameniomba mara mbili nilishushe. Juzi alisimama kwenye ngazi akaniambia, "Baba Nyemo, hebu nieleze. Umemnunia mtoto, au umemnunia yule waziri aliyekwisha kufa?"

Nilikuwa nimejinunia mwenyewe, na hilo si jambo la kumwambia mke wako kwenye ngazi.

Ulipokwenda nami Moseley ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikula keki ukacheza na paka, na nadhani ulisikia nusu tu ya mazungumzo. Kwa hiyo nakuandikia yote.

Baba wa bibi yako, yaani babu yangu, alichukuliwa kutoka Mpwapwa wakati wa vita vya pili vya dunia kwenda kukata mkonge Tanga. Hakwenda kwa hiari. Wajapani walikuwa wamekwisha kuyateka mashamba ya nyuzi za kamba ya Asia ya mashariki, na meli za Waingereza zilihitaji kamba. Jumbe wa kijiji aliambiwa alete watu, akaandika majina, na jina la babu likawemo. Manamba, ndivyo walivyowaita, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Aliondoka mvua zikianza. Shamba halikulimwa. Mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa, na mdogo wake bibi yako, mtoto wa kunyonya, akafa. Babu alirudi akiwa na makovu ya miiba mikono yote miwili. Alikuwa mtu mpole, lakini hakutaka kuona kamba ndani ya nyumba yake. Mbuzi aliwafungia kwa gome la mti.

Nilikua nikiijua habari hii kama watoto wengine wanavyojua hadithi za sungura. Nilipokuwa mwandishi wa habari, na nilipohamia nchi hii, nikaamua kwamba siku moja nitamtafuta mtu aliyeamua. Jumbe nilimjua. Bwana Shauri wa wilaya nilimjua kwa jina. Nilimtaka aliyekaa mezani London.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilipewa nafasi ya kutengeneza kipindi cha redio kuhusu Baraza la Mawaziri la wakati wa vita na makoloni yake. Nilikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, nikakaa siku tatu na mihtasari yao. Nilivutiwa, siwezi kusema uongo. Hawa walikuwa watu wa vyama vilivyochukiana, wameketi meza moja kwa sababu ya vita. Waziri mkuu aliyetangaza vita alikuwa mtu wa mji wetu huu wa Birmingham. Alipoondolewa hakwenda nyumbani kununa. Alibaki kwenye meza ileile chini ya mtu aliyemrithi, akafanya kazi mpaka ugonjwa ukamwondoa. Siku moja wanazungumza juu ya meli zilizozama, viazi, na kama watu waruhusiwe kulala kwenye vituo vya treni vya chini ya ardhi. Halafu, kurasa nyingi baadaye, katikati ya mambo kama hayo, aya moja fupi kuhusu vibarua wa lazima katika makoloni. Baraza limekubali.

Katika orodha ya waliohudhuria kulikuwa na waziri mmoja ambaye baadaye alitia sahihi agizo la kuutekeleza uamuzi huo, kisha akasimama bungeni akautetea. Jina lake unalijua, sitalirudia hapa. Nikasema, huyu ndiye. Nikaenda hewani nikasema kwamba waziri huyu alitaka watu wakamatwe, na wenzake wakamkubalia.

Sasa sikiliza kosa, maana ni kosa la watu wa kazi yangu na litakuwa la watu wa kazi yako. Nilikuwa nimewaandika mawaziri miaka mingi nyumbani kabla sijaja huku. Nimesimama nje ya milango yao juani na kwenye mvua. Nilijua desturi yao: ndani mnagombana mpaka sauti zinakauka, lakini mkifungua mlango mnasema kwa mdomo mmoja, na asiyeweza anajiuzulu. Muhtasari huandika kilichoamuliwa. Hauandiki nani alipiga meza. Kwa hiyo maneno "Baraza limekubali" hayakuniambia chochote juu ya mtu yeyote, nami nilijua hivyo wakati nayasoma.

Nilijua pia kwamba katibu wa Baraza alikuwa na daftari lake la mkono. Humo aliandika haraka haraka nani amesema nini, kwa herufi za mwanzo za majina. Daftari lile lilikuwa kwenye orodha ya hifadhi. Kulisoma kungehitaji siku moja zaidi, na mwandiko ule ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Kipindi kilikuwa Ijumaa. Ningeweza kuomba wiki moja, na ningepewa. Sikuomba, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata nilichokwenda kukitafuta.

Kipindi kilisifiwa. Binamu yangu alikirekodi akamsikilizisha bibi yako Mpwapwa. Mama alinipigia simu akaniambia nitaje tena lile jina, polepole, alishike. Nikataja. Akajaribu kulisema, likamshinda, akacheka. Kisha akasema, "Haya. Sasa namjua."

Wiki mbili baadaye alipiga simu Bi Dorothy, mwalimu mstaafu wa Moseley, mjukuu wa waziri yule. Hakupaza sauti. Aliuliza kama nimesoma daftari la katibu. Nikasema nimesoma muhtasari. Akasema, "Sikuuliza hivyo." Akanialika chai, nami nikakuchukua wewe kwa sababu mama yako alikuwa zamu hospitalini. Nakiri pia kwamba nilidhani mtu hatanigombeza mbele ya mtoto.

Alinionyesha barua ambayo babu yake alimwandikia mkewe. Ilisema kwamba alipinga jambo la vibarua mbele ya wenzake wote, akashindwa, na wiki ijayo atalazimika kulitetea bungeni. Nikamwambia barua za waume kwa wake zao si ushahidi mkubwa. Akasema, "Ndiyo maana nakwambia nenda kwenye daftari." Nikaenda. Nilihitaji siku nzima na lenzi. Herufi zake zilikuwepo. Mbele ya herufi hizo katibu aliandika maneno machache: kwamba hiyo ni kazi ya kulazimisha kwa jina jingine, na kwamba watu hao wana mashamba yao. Chini yake wengine watatu wanataka iendelee. Kisha mstari umepigwa, na jambo la pili linaanza.

Nyemo, nilikaa mbele ya ukurasa ule nikawa na hasira na mtu aliyekufa kwa sababu hakuwa mbaya kama nilivyomhitaji.

Nilimpigia Bi Dorothy nikamwambia yuko sahihi na nitasahihisha. Alisema, "Sikuombi umsifu. Sema kilichotokea tu." Nikamwahidi.

Mhariri wangu alisema kipindi kimekwisha pita, nani atakumbuka. Ningeweza kumshinda, nimewashinda wahariri wakali kuliko yule. Kilichonishinda ni mama. Kila nilipompigia simu alilitaja lile jina, akilikosea vilevile, akilitamka kama mtu anayegusa pengo la jino lililong'oka. Nikajiambia, mzee wa watu amepata mahali pa kuweka uchungu wake, mimi ni nani nimwondolee? Nikajiambia pia kwamba waziri hata hivyo alitia sahihi na hata hivyo alitetea. Yote mawili ni kweli, na yote mawili niliyatumia kama pazia. Nimekufundisha tangu utotoni kwamba kosa lililochapwa husahihishwa kwa ukubwa uleule. Wewe uliamini. Mimi nilikaa nalo miaka kumi na mmoja, kwa desturi ileile niliyoilaumu kwa mawaziri: ndani najua, nje nasema jingine.

Hapo ndipo swali lako lilipotua.

Jumatatu sikufanya lolote. Jumanne nilimpigia bibi yako. Nilimweleza taratibu: kuna daftari, yule mtu alikataa, wenzake wakamshinda, akatia sahihi, akaenda kulisemea. Nilisikia jogoo wa jirani yake.

"Alikataa kwa mdomo wake?" akauliza.

"Kwa mdomo wake, mama. Mbele ya wakubwa wenzake."

"Halafu akaandika."

"Halafu akatia sahihi."

"Kama jumbe," akasema.

Nikamuuliza jumbe gani. Akanishangaa. "Jumbe wetu! Unadhani aliandika akicheka? Alikuja nyumbani jioni, akakaa pale kwenye kinu, akalia kama mtoto. Akamwambia baba, nimewakatalia mara mbili, sasa wamesema wataandika la kwangu. Baba akaenda. Kulia kwake hakukuturudishia mtu."

"Mbona hukuniambia habari hii?"

"Hukuuliza. Wewe uliuliza nani aliandika. Lakini mama yangu alijua kwamba amelia. Ndiyo maana mtoto alipokufa, mke wa jumbe alipokuja msibani hakufukuzwa. Wengine walifukuzwa. Na sisi watoto tuliruhusiwa kucheza na wa kwake. Tungekuwa hatujui, tungewachukia mpaka leo, na ndio majirani wanaonichotea maji sasa hivi."

Nikamwambia nitalisahihisha redioni, na kwamba jina alilolishika miaka yote atalisikia likisemwa vingine. Akasema, "Sahihisha. Lakini na sahihi aliyotia uiseme. Usije ukamwosha sana."

Miaka kumi na mmoja nilimlinda mama yangu na habari ambayo alikuwa ameibeba tangu akiwa na miaka saba, akaijua vizuri kuliko mimi.

Alhamisi nilikwenda Moseley. Bi Dorothy hayuko tena kwenye nyumba yake. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa pili kutoka pale penye migahawa. Aliyenifungulia mlango ni dada mmoja wa Kenya, jina lake Wanjiru. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza.

"Karibu mzee. Uko na appointment?"

"Sina. Nimechelewa kiasi kwamba nimeona aibu kuomba."

"Umechelewa saa ngapi?"

"Miaka kumi na mmoja."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wee! Wewe ndiye yule wa redio? Huyo cucu, nyanya wetu huyo, amekutaja mpaka tumechoka. Ingia haraka kabla hajalala. Na usimchokeshe, leo ako sawa."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua sana, lakini macho ni yale ya mwalimu. Sikujitetea. Nilimwambia nimeleta masahihisho niliyopaswa kuyaleta zamani, na kwamba yatasomwa Ijumaa ijayo kwenye kipindi changu cha Kiswahili hapa mjini, halafu nitayatuma kule kilikotangazwa kipindi cha kwanza, nikidai yatangazwe na huko. Nikamsomea kwa Kiingereza. Ni mafupi. Yanasema kwamba katika kipindi changu nilisema waziri fulani alitaka watu wa makoloni wakamatwe kufanya kazi. Kwamba nilisema hivyo bila kusoma daftari la katibu, ingawa nilijua lipo. Kwamba daftari linaonyesha alipinga, na kwamba alishindwa. Yanasema kwamba baadaye aliutetea uamuzi ule hadharani na sahihi yake ipo. Na kwamba kosa ni langu.

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Umechelewa."

"Ndiyo, Bi Dorothy."

"Kaka yangu alitaka sana kuyasikia. Alikufa majira ya baridi."

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa.

"Soma tena lile la mwisho," Bi Dorothy akasema. "La sahihi."

Nikasoma. Nilikuwa tayari aniambie nilitoe, na njiani ndani ya basi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukataa. Akatikisa kichwa.

"Liache," akasema. "Yeye mwenyewe asingelitoa. Lilimkosesha usingizi mpaka uzeeni."

Hilo ndilo jibu la swali lako. Ulimsahihishia? Miaka kumi na mmoja, hapana. Alhamisi, ndiyo. Hukuambiwa kwa sababu nilitaka kwanza jambo lenyewe litendeke, maana ahadi za mdomo juu ya suala hili nimekwisha kuzitoa.

Sasa kuhusu kona yako ya chumba. Nilikosea Jumapili niliposema sikukulea kwa kazi hiyo. Kama katibu yule angekuwa mvivu siku ile, au angechoka, au angeona herufi mbili za mtu aliyeshindwa hazina maana kwa kuwa uamuzi umekwisha kupita, mimi ningekufa nikiwa na uongo wangu, na Bi Dorothy angekufa na barua ambayo hakuna anayeiamini. Mtu yule alikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, mji umekwisha kupigwa mabomu juu ya kichwa chake, kuna meli na majeshi ya kuandika, na bado aliandika nani alisema hapana juu ya watu wa Mpwapwa ambao hatawaona kamwe. Muhtasari rasmi utauandika wanavyotaka wao, ndiyo kazi uliyoiomba. Kama siku hizi bado wana madaftari ya namna ile, sijui. Ukiwa nalo, andika herufi za aliyekataa. Ziandike zisomeke. Mimi nilihitaji lenzi.

Na itafika siku ambayo anayetaka kukataa ni wewe. Utakuwa mdogo chumbani, na watakuambia kazi yako ni kalamu. Sitakufundisha la kufanya, kwa sababu mimi nilipopata nafasi yangu ya kukataa mbele ya mhariri na mbele ya mama yangu, nilinyamaza, na hakuna aliyenitisha hata kwa kidole. Nakwambia tu nilichokiona: waziri yule alisema hapana kwa dakika chache, akaishi na ndiyo yake miaka yote iliyobaki. Nadhani mlango aliuona. Desturi yao inao mlango huo, unaitwa kujiuzulu, na si aibu kuutumia. Uufahamu ulipo kabla hujaketi.

Najua utakula kiapo cha siri. Kwa hiyo sitakuuliza chochote utakachosikia humo. Katika miaka thelathini ya kazi hii, ni mara ya kwanza namwahidi mtu wa serikali kwamba sitamuuliza, na mama yako akisoma hapa atacheka.

Swali la Jumapili lilikuwa zuri. Uliliuliza kwa utulivu, ulikuwa na ukweli wa kutosha, na ulimuuliza mtu aliyestahili kuulizwa, ingawa ndiye anayekulisha. Nimewafundisha waandishi wengi namna ya kuuliza hivyo, na wachache waliweza. Usiliache hapa Erdington.

Treni yako ya London inaondoka stesheni ya New Street saa nne na robo asubuhi. Ya kutupeleka mjini tuichukue ya saa tatu, maana Jumapili haziaminiki. Tutakwenda wote watatu.

Sanduku kubwa nimekwisha kulishusha. Liko mlangoni.

Baba yako,
aliyechelewa.